Mheshimiwa Waziri, Tafadhali Msirahisishe

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUTORAHISISHA URAIA WA MTOTO ALIYEZALIWA NJE NA WAZAZI WASIOFUNGA NDOA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwenye steshenari hapa Posta, kwenye ngazi za jengo ambalo mwenye nyumba hapendi litajwe kwa sababu anazozijua yeye na watu wa kodi. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti saizi, nachapa barua na viapo. Naandika kushukuru. Nasikia kila jambo sasa linahamia mtandaoni na makaratasi yanapungua. Naomba kwa unyenyekevu mniachie eneo moja tu: mtoto aliyezaliwa nje, ambaye wazazi wake hawana cheti cha ndoa. Huyo ndiye anayewalipia wanangu ada.

Mheshimiwa, nimeisoma Sheria ya Uraia Na. 6 ya mwaka 1995, baada ya mteja kuisahau kwenye mashine. Kwa afya ya biashara yangu ni fupi mno. Kifungu cha 6 kinasema mtoto aliyezaliwa nje ya Jamhuri ya Muungano ni raia wa kurithi tangu siku aliyozaliwa, iwapo siku hiyo baba yake au mama yake ni raia, ilimradi mzazi huyo naye hakuwa raia wa kurithi. Baba au mama. Sheria za zamani zilimtazama baba. 1995 mkamkumbuka na mama, hongereni. Nimekipekua kifungu hicho nikitafuta neno ndoa, sikuliona. Nikaingiwa na baridi. Watu wa madirishani kwenye ofisi zenu wakianza kukisoma, mimi narudi Kariakoo kuuza chaja Mtaa wa Aggrey.

Bahati nzuri dirishani kuna sheria nyingine, isiyoandikwa popote.

Alikuja dada mmoja, mzaliwa wa Tanga, wazazi wa Tanga, aliyekuwa akifanya kazi za ndani Muscat. Alirudi na mtoto wa kiume na hati ya dharura ya safari, ile ambayo ukishashuka uwanja wa ndege imekwisha kazi. Kwa kifungu cha 6 mtoto yule alikuwa Mtanzania kabla hajakatwa kitovu. Lakini kwenye dirisha moja, nisilolitaja, dada aliulizwa baba yuko wapi. Hayupo. Cheti cha ndoa je? Kingekuwepo, asingerudi usiku na begi moja. Huko Muscat, kujifungua bila cheti cha ndoa si habari ya kumsimulia nesi. Basi akaambiwa alete kiapo kwamba baba hayupo.

Hebu tazama uzuri wa kazi hii. Mtu anasimama mbele ya kamishna wa viapo kuapa habari za mtu asiyekuwepo. Nikamchapia. Kikarudishwa: hakisemi hayupo tangu lini. Nikachapa kingine. Ikafuata barua ya mtendaji, aliyethibitisha kumfahamu mtoto tangu kuzaliwa, ingawa mtoto aliingia mtaani akiwa na meno manne. Kila karatasi ikatolewa kopi, na kila kopi ikagongwa muhuri kuthibitisha kwamba ni kopi. Muda wote huo mtoto alikaa juu ya kaunta yangu akitafuna kifuniko cha kalamu, hajui kwamba yeye ni jalada.

Hata hivyo, mama ni faida ndogo. Faida yenyewe iko kwa akina baba.

Nina mteja wa Mtaa wa Narung'ombe anayefuata mikoba Guangzhou. Hukohuko akapata binti na mama mmoja Mkenya, mfanyabiashara mwenzake. China hawakumdai mtoto. Kwao mtoto ambaye wazazi wake wote wana uraia wa nchi nyingine hana mlango wa uraia, hata azaliwe katikati ya soko lao. Wakenya hawakutoka jasho: ibara ya 14 ya Katiba yao ya 2010 inamhesabu kuwa raia wa kuzaliwa mtu ambaye mama au baba yake ni Mkenya, awe amezaliwa Kenya au pengine popote. Na uraia pacha kwao ni ruksa. Hivyo binti yule, usiku mmoja, akawa Mkenya wa kuzaliwa na Mtanzania wa kurithi.

Wa kurithi kwa baba, na baba hana ndoa. Alinijia na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, kinachosema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, watu wakawajua kama mume na mke, hudhaniwa wameoana. Alitabasamu kama aliyeokota. Nikamuuliza watu hao waliowajua ni akina nani. Akasema wapangaji wa ghorofa moja, Guangzhou. Nikamwambia awalete, nitawapiga picha, bei ya jumla.

Baadaye akashauriwa kipimo cha vinasaba. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko hapa karibu, Barabara ya Barack Obama, ambayo hadi 2013 iliitwa Ocean Road, ikabadilishiwa jina kwa ajili ya mgeni mmoja bila mtu kuulizia ndoa ya wazazi wake. Lakini kipimo hicho huendi mwenyewe kama unakwenda kupima sukari; unapitia mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Kote huko wanapenda barua, na barua haijichapi.

Nisisahau kuipongeza Sheria ya Uraia kwa kuikumbuka ndoa mahali pengine. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania amewekewa njia yake ya kuomba uraia. Mwanamume wa kigeni aliyeoa dada zetu hakuwekewa; anaishi kwa vibali, na vibali navyo vina viambatisho. Mungu awazidishie.

Tena kuna miaka 18. Baba atapigania uraia wa bintiye kwa viapo, barua na mate ya shavuni, halafu binti akishatimiza 18 anatakiwa aukane Ukenya na kula kiapo cha utii, la sivyo Utanzania unamtoka. Wakimaliza kumthibitisha ndipo wanaanza kumwachisha. Akichagua kule, atakuja kumwona bibi yake Ilala kama mgeni. Wenzake wenye pasipoti za Marekani hulipa viza dola 100 kwa heshima hiyo hiyo. Na kuhusu hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania, ombi langu ni fomu ndefu, yenye sehemu ya "baba" isiyokubali kuachwa wazi.

Endapo mtashindwa kuvumilia, Mheshimiwa, basi liandikeni neno ndoa ndani ya kifungu cha 6, dada wa Tanga ajue amekosea sheria ipi. Kukibandika kifungu hicho ukutani kwenye kila dirisha, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili, ndilo jambo ninaloomba msilifanye kabisa. Karatasi moja ya A4 ingetosha, na mimi ndiye ningeombwa kuichapa.

Wako mtiifu,
Mwenye Steshenari,
Posta, Dar es Salaam.

Nakala: Mwanasheria Mkuu wa Serikali
Mama wa binti, Nairobi (kwa taarifa)
Baba wa mtoto, Muscat (haikupokelewa)