Jinsi ya Kumpimia Mahindi Mtu Aliyezaliwa Baada ya 1844

Unataka kuunda mzani wa kielektroniki wa chama cha msingi kule Mishamo, na ulichonacho ni Arduino Uno tu. Hongera, inatosha. Chipu yake, ATmega328P, hushika baiti moja moja, na baiti moja mwisho wake ni 255.

Anza na uzito. Gramu usiziweke kwenye int, maana kwenye chipu hii int huishia 32,767. Pandisha gunia la kilo 100 uone: mzani utasoma gramu 31,072 chini ya sifuri, na mkulima aliyeleta mahindi ataondoka anadaiwa. Mpe biti 32.

Hela za msimu zipe biti 64. Chipu itazijumlisha kama mtoto wa darasa la pili: anzia kulia, andika, kinachozidi beba. Amri ya ADD mara moja, kisha ADC, inayojumlisha pamoja na kilichobebwa, mara saba, kwisha.

Sasa namba ya NIDA, ya kumtambua mkulima, na hapa tulia. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Biti 64 huishia 18,446,744,073,709,551,615. Tazama zile nne za mwanzo: mzani wako utawapokea vizuri wote waliozaliwa hadi 1844. Wa 1845 na kuendelea, kila mmoja atageuzwa mtu mwingine. Wala usikimbilie float. Hiyo hushika tarakimu kama saba tu, hivyo waliozaliwa siku moja karibu wote watakuwa mteja mmoja.

Dawa ni rahisi. Namba ya NIDA hakuna anayeijumlisha, basi itunze tu, tarakimu mbili kwa kila baiti. Baiti 10 zinatosha. EEPROM ya chipu, yenye baiti 1,024, itabeba namba za wakulima 102, wakizidi weka kadi ya kumbukumbu.

Mishamo ilianzishwa 1978 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na vyeti vyao vya uraia wa Tanzania vilianza kutolewa 2014. Mtu aliyesubiri zaidi ya miaka 40 kuandikwa Mtanzania, usimfute kwa kubania baiti mbili.

Kabla hujapanda basi la Mpanda kuelekea Mishamo, ingiza namba mbili zinazotofautiana tarakimu ya mwisho tu. Mzani ukisema ni mtu mmoja, hujamaliza kazi.