Babu, Umechomeka LAN

Hakuna fedheha mbichi kama ya mtu mzima aliyepiga magoti sebuleni mbele ya rauta, kiboksi chenye mapembe mawili, miwani puani, karatasi ya maelekezo mkononi, akaambiwa na mjukuu wa darasa la tano: "Babu, umechomeka LAN." Matundu yenyewe yamefanana kama mapacha. Waya unaotoka nje huingia WAN, wa kompyuta ya ndani huingia LAN, na kinachoyatenganisha ni herufi moja iliyochapwa kwa maandishi ya kusomwa na siafu. Kwa herufi hiyo moja heshima ya ukoo imekwenda na maji. Sisi wa Kiloleli, mkoani Simiyu, ambao wengi wetu bado tunaishi kwa bando la simu, tunaweza kumcheka babu huyo wa mjini. Mimi nadai tusimcheke. Sehemu kubwa ya aibu anayoibeba si yake, ni ya aliyemuuzia huduma kisha akabaki na ufunguo.

Faiba yenyewe inayomletea babu intaneti haina lawama. Ni kitu cha kupigiwa vigelegele. Ni uzi wa kioo ambao njia yake ya nuru ina upana wa mikromita 9 hivi, nyembamba kuliko unywele wako mara kadhaa. Ndani yake nuru hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka pwani ya Dar es Salaam, ulikotua mkongo wa baharini wa SEACOM mwaka 2009, hadi huku Simiyu, ingetumia chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Ikikaribia mtaani hupita kwenye kigawanyio kisichotumia umeme hata chembe, na uzi mmoja hugawiwa nyumba 32, pengine 64. Inayokuja na inayorudi hazigongani, maana kila moja imepewa rangi yake isiyoonekana kwa macho. Ujumbe wa kuja humfikia kila mtu, ila kila nyumba hufungua wa kwake tu. Wa kurudi huenda kwa zamu, kama mkutano wa kijiji wenye mwenyekiti mkali: hufungui mdomo kabla hujaitwa. Basi nuru hiyo, baada ya adabu na mbio zote hizo, inafika sebuleni kwa babu na kukwama kwenye fomu. Rauta aliyoinunua kwa hela yake inamuuliza jina la mtumiaji, nywila, na namba ya VLAN, ile inayotambulisha njia aliyotengewa ndani ya mtandao. Hana hata kimoja. Anajaribu "admin". Anajaribu jina la mke wake. Anapiga simu huduma kwa wateja, anaburudishwa na muziki, mwisho anaambiwa asubiri fundi.

Watetezi wa kampuni watasema mteja akiachiwa mitambo ataharibu. Hoja hii ina ukweli, tena mzito: kifaa kinachopokea nuru kikiharibika au kikiwekwa vibaya, kinaweza kumulika nje ya zamu yake na kuwakatia majirani wote wa uzi ule. Sawa, kampuni ikae na kifaa chake hicho. Lakini rauta huanzia pale kioo kinapokwisha, na mpaka wa namna hiyo tunaujua siku nyingi. Kwenye umeme, mita ni ya TANESCO. Balbu, pasi na feni ni za mwenye nyumba, na hakuna anayengoja fundi wa shirika aje kumbadilishia balbu. Ujerumani waliweka mpaka wao kisheria: tangu Agosti 2016 mteja anachagua kifaa mwenyewe na kampuni inalazimika kumpa taarifa za kuingilia. Wengine watasema wateja wengi hawataki kujisumbua. Asiyetaka na aendelee kumwita fundi. Uvivu wa jirani si sababu ya kuninyima ufunguo wa mlango ninaoulipia kila mwezi.

Mikasa mingine ya rauta ni midogo. Waifai ya 5GHz ikikutana na ukuta wa tofali hukata tamaa. Umeme ukikatika, rauta nayo hulala. Ila mmoja una somo. Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu baharini na intaneti ikayumba nchini, babu aliyezima na kuwasha kiboksi chake mara arobaini alikuwa hana kosa lolote. Tatizo lilikuwa chini ya Bahari ya Hindi. Ukimficha mtu namna kitu kinavyofanya kazi, kila hitilafu ataidhani ni ujinga wake, na hapo utani huu unaniishia mdomoni, maana kuna watu wanalipwa kwa ukimya huo.

Kinachodaiwa ni kikaratasi chenye mistari mitatu: jina la mtumiaji, nywila, namba ya VLAN. Atakayesema wananchi hawatayaweza hayo aangalie tunavyonunua umeme. LUKU hutupa tarakimu 20, na wazee wetu huzibonyeza gizani, simu imebanwa kwapani ikimulika mita, mjukuu akisoma namba kwa sauti. Wakikosea, wanaanza upya. Babu wa namna hiyo apewe kikaratasi chake. Baada ya hapo akichomeka LAN, tumcheke. Fedheha hiyo itakuwa yake halali.