Nembo Ni Ile Ile

Bosi anataka nembo ya kampuni ibadilike kwenye tovuti. "Kijana, si picha moja tu?" ananiuliza, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Picha moja tu! Hajui kwamba hiyo picha imefungiwa ndani ya faili la jar pamoja na programu nzima, wala kwamba Spring Boot ina mila zake.

Mila zenyewe si mbaya ukizifuata. Weka picha kwenye folda ya static, public, resources au META-INF/resources, itazigawa bila kukuuliza. Folda nne kwa kazi ya moja, na hapa ofisini kila mtu ana yake anayoitetea.

Balaa huanza ukitaka lako. Mimi nataka picha zikae nje ya jar, ili bosi akibadili mawazo (na atabadili) niweke faili jipya nikale. Basi unaijaza spring.web.resources.static-locations kwa folda yako. Nembo mpya hiyoo! Ila CSS haipo, ukurasa uko uchi. Kumbe folda yako haikuungana na zile nne; imezifukuza. Ukizitaka, zitaje tena mwenyewe, moja moja.

Halafu kuna @EnableWebMvc. Mtu akiibandika kwenye darasa la mipangilio, Spring Boot inasusa kama mkwe aliyenyimwa kiti. Programu inawaka vizuri, hainung'uniki, lakini mipangilio yake ya wavuti imeondoka nayo, na kila picha ni 404.

Haya, tufuate adabu: WebMvcConfigurer, ndani yake addResourceHandlers, /picha/ ielekee /opt/picha/. Inafanya kazi. Simu inalia.

"Kijana, mbona naona ile ile?"

Kwa sababu, bosi, kuna aliyeagiza picha zihifadhiwe sekunde 31536000, yaani mwaka mzima, na kivinjari chako ni kitiifu kuliko wafanyakazi wako. Hakiulizi seva kitu hadi mwakani. Dawa ipo: Spring inaweza kutia alama ya maudhui ndani ya jina la faili, picha ikibadilika na jina libadilike. Sharti iwashwe, na kurasa zote ziache kutaja jina kavu la picha. Kurasa zetu zinalitaja kila mahali.

Kwa hiyo, msomaji, ukiikuta nembo ya zamani, tafadhali bonyeza Ctrl na F5 kabla ya kunipigia.