Shemeji na Chuma Kisichoshika Kutu

Dawa ya kutu kila mtu Kilifi anaijua. Ambayo haijapata habari ni kutu yenyewe.

Mimi na shemeji yangu tuna mashua ya tanga ya ubia: ya faiba, mita tisa, iliyoundwa Uingereza miaka ya 1970 na kufikishwa huku na Mzungu aliyekuwa akizunguka dunia mpaka dunia ikamchosha. Wako wengi wa aina hiyo. Hori ya Kilifi ina kina na imekingika na mawimbi. Mtu hutia nanga apumzike wiki, akapata sababu ya kukaa mwaka, na mwaka ukiisha anapata sababu ya kuuza. Siku ya kutukabidhi alizigonga nyaya za mlingoti kwa kucha, zikalia, akatuambia hizo ni stenlesi, hazijui kutu. Shemeji akazipiga picha, akaituma kwa ukoo mzima.

Kusi ilipoanza kuvuma, nyaya zilikuwa zimetoka madoa ya rangi ya chai ya mkandaa. Shemeji alilichukulia jambo hilo kuwa tusi kwa familia.

Kwa asiyejua vyombo vya namna hii: jahazi lina mlingoti mnene, na kamba za kuushikilia mabaharia huzifungua wakazihamishia upande wa upepo kila chombo kinapogeuzwa. Kwetu mlingoti ni bomba la alumini, na limesimama kwa sababu tu nyaya za mbele, za nyuma na za ubavuni zimelivuta kwa usawa. Hizo hazifunguliwi. Ukikatika mmoja wa upande wa upepo, bomba linashuka na tanga lake, na aliye chini atoe shahada. Kwa hiyo kutu ya hapo si suala la urembo. Shemeji aliamini ni suala la urembo.

Stenlesi yenyewe haijawahi kuahidi mengi. Ina kromiamu, angalau asilimia 10.5, ambayo hushikana na oksijeni ya hewani ikatandaza utando mwembamba usioonekana kwa macho. Ukiukwaruza, unajijenga upya, mradi hewa iufikie. Chumvi ya bahari huutoboa, na mahali palipobanwa pasipofika hewa, ukitoboka umetoboka. Harry Brearley wa Sheffield, aliyekiyeyusha chuma cha aina hii mwaka 1913, alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea mitutu ya bunduki isiyolika upesi. Mji wake ukakichukua kwa ajili ya visu. Kisu kikishalisha watu huoshwa, hukaushwa, huwekwa sandukuni. Hakilali nje kwenye upepo wa kusi.

Safari ya tiba ilianzia duka la vifaa mjini. Mwenye duka alitoa sumaku mfukoni, akaigusisha kwenye pini anazouza, ikateleza. “Umeona, bwana? Haishiki. Hii ni orijino.” Shemeji alitikisa kichwa kwa heshima ya mtu aliyeona sayansi. Sasa, sumaku haiwezi kukutenganishia stenlesi ya daraja la 304, ile ya sinki na sufuria, na ya 316, iliyoongezewa asilimia 2 hadi 3 ya molibdenamu ili ivumilie chumvi. Zote mbili kwa kawaida hazivutwi. Halafu waya, kwa kuwa kiwandani huvutwa ungali baridi, unaweza kushikwa na sumaku kidogo hata ukiwa wa 316 halali kabisa. Na huo wa 316 nao hutoka madoa. Sumaku ile ilikuwa na kazi moja tu, kuuza pini.

Binamu mmoja akasema soda nyeusi. Si uzushi: ina asidi ya fosforiki, na asidi hiyo hula kutu. Ina pia sukari, jambo ambalo nyuki walilikumbuka kabla ya binamu. Alikuwa katikati ya mlingoti, ameketi kwenye kiti cha kamba, tambara mkono mmoja na chupa mkono wa pili, walipomfikia. Akaita tumshushe. Shemeji ndiye aliyeshika kamba, na wakati huo shemeji alikuwa na nyuki wake mwenyewe.

Mama mkwe akaleta dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Ndani yake mna klorini, na klorini na stenlesi havikai nyumba moja, lakini mkwe hakatazwi. Chupa niliipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaiweka mahali ambapo haijaonekana tena.

Waya wa kusugulia sufuria ulikuwa fikra ya shemeji mwenyewe. Nilimkataza. Mke wangu ni shahidi. Waya ule ni chuma cha kawaida; ukisugua unaacha chembe zake zimejipachika juu ya stenlesi, na hizo zinashika kutu kwa bidii zote. “Shemeji,” akaniambia, “wewe unasoma sana.” Alisugua kuanzia sitaha hadi kileleni. Jioni nyaya zilimeremeta mpaka wavuvi wakauliza kama tumenunua mpya, naye akatembea ufukweni akipokea hongera kwa zamu. Kisha ukaja umande, na rasharasha za chumvi. Siku chache tu, kila waya ukawa wa rangi ya chungwa, na michirizi ikateremka juu ya faiba nyeupe mpaka majini. Wavuvi wale wale wakauliza kama tumerudisha zile mpya dukani.

Dawa inayofaa haina utamu wa kusimulia: maji baridi, sabuni, kitambaa laini. Doa likikaidi, asidi ya limau au ya oksaliki iliyokorogwa ikawa nzito, glavu mkononi, kisha maji mengi na kukausha. Masika hufanya nusu ya kazi hiyo bure. Sehemu zinazonyeshewa ndizo zinazobaki safi. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akasema maji na sabuni ni dawa ya watu waliokata tamaa.

Aliyetufungua macho ni fundi mzee wa majahazi, aliyekuja kutucheka na hakuficha nia yake. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kutuangalia, macho yako juu mlingotini. Vyombo vya faiba hajawahi kuvigusa. Lakini maishani mwake amechomoa misumari mingi ambayo kichwa kilikuwa kizima na mwili umeliwa ndani ya ubao. “Hii ya nje, wanangu, imekuja kusalimia tu,” akasema. “Mwenyewe yuko ndani.”

Ndani ni wapi? Ncha ya kila waya imeingizwa kwenye kichwa cha chuma kilichobanwa kwa mashine, na kile cha chini kimeelekea juu, kinakinga maji ya chumvi mwaka mzima. Waya wenyewe ni nyuzi 19: mmoja katikati, sita zimeuzunguka, kumi na mbili nje. Tukachukua pamba ya mke wangu, tukaipitisha taratibu, maana uzi uliokatika huinasa pamba kabla haujakinasa kiganja. Juu kote ikateleza. Kwenye waya wa ubavu wa kushoto, pale pale unapoingia kichwani, ikanasa. Uzi mmoja umechomoza, mfupi kuliko punje ya mchele, na pembeni yake kichwa kina ufa wa wima ambao shemeji aliusugua kwa mikono yake mpaka ukang'aa.

Fundi akaomba tutoe bamba linalopita kwenye sitaha kuufunga waya huo. Juu lilikuwa jeupe. Kutu ilianzia kwenye unene wa sitaha, mahali ambapo gundi ya kuzuia maji ilikuwa imeyafungia ndani badala ya kuyazuia nje. Parafujo ya pili ilikatika kabla spana haijakaza mkono. Fundi aliziokota nusu zote mbili, akazipangusa kwenye shuka yake, akampa shemeji kwa adabu kubwa.

Nyaya tumebadilisha zote. Mafundi wa vyombo hivi hupenda kuhesabu miaka 10 hivi, na Mzungu hakutuachia risiti. Mlio wa kucha hauna tarehe. Gharama sitaitaja, mke wangu husoma magazeti.

Zile kuukuu shemeji hakukubali zitupwe. Alizifunga nyuma ya nyumba, kutoka mwarobaini hadi nguzo ya bafu, zikawa za kuanikia nguo. Siku mbili kabla ya Idi akaenda kuanua kanzu yake mpya, ina mstari wa kutu mgongoni kutoka bega hadi bega. Mama mkwe hakusema neno. Aliikamulia ndimu, akainyunyizia chumvi, akaiacha juani, na alasiri doa halikuwepo. Shemeji aliiinua kanzu kwenye mwanga, akaipinduapindua, kisha akanigeukia na macho yale yale ya siku ya waya wa sufuria.

“Shemeji,” akasema, “zile nyaya mpya zikianza—”

Ndimu nimemwachia. Chumvi nimeifungia kabatini.