Kibali cha Noah

Noah niliyoinunua kwa mkopo ina kiuno kirefu. Ikiingia uani kwangu mjini Tarime, pua inagusa dirisha la jikoni, na nyuma inabaki barabarani ambako ng'ombe wa jirani wanajikunia. Nikaamua kufanya mawili kwa mpigo: kuongeza chumba kimoja na kupanua maegesho. Mama, ninayeishi naye, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Babu yako alilaza ng'ombe arobaini katikati ya mji wake. Alimwomba nani kibali?"

Lakini mimi ni mwalimu, na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ipo. Fundi wangu alikuwa na ramani, ila ilikuwa kichwani. Alipoombwa kuitoa, aliichora ardhini kwa kijiti, kuku wakapita juu yake. Nikamlipa mchoraji. Nyumba iliyopo ikachorwa, nyumba ijayo ikachorwa, ndipo faili likaanza ziara zake: ardhi, mipango miji, mhandisi, afya. Wa afya aliuliza swali moja tu: shimo la choo liko wapi? Lilikuwa pale pale ambapo gurudumu la nyuma lingelala. Tukachora upya.

Siku ya ukaguzi walikuja vijana wawili na futi kamba. Wakapigilia vigingi, wakanyunyiza chokaa, wakapiga picha. Mimi nilisimama kando, nimekumbatia faili kama mtoto wa ubatizo. Mtaa mzima ulikuwa unatazama.

Msomaji asiye wa Mara hawezi kuliona kosa langu. Kutoka Tarime, ukishika njia ya Nyamongo, unafika kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Huko kuna neno ambalo kila mtoto analijua: tegesha. Fununu ikivuma kwamba mgodi unataka kujitanua, watu wanainua vyumba upesi upesi, wanatupia bati juu, wanapanda miche iliyobanana kama abiria wa mnadani, kisha wanamsubiri mthamini aje ahesabu fidia. Sakafu ya nini? Hakuna atakayelala humo. Sasa changanya chokaa, picha na mwalimu mwenye faili, uone majirani watapata jibu gani.

Jioni ile mzee wa nyumba ya pili alinivuta pembeni. "Mura, mbona unatuficha? Wanalipa lini?"

"Mzee wangu, ni paking tu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mtu na akili zake aombe karatasi ya kulaza gari!"

Kadiri nilivyokana, ndivyo habari ilivyokomaa. Asubuhi ilikuwa barabara inapita, mchana ikawa reli, na kufikia saa ya chakula cha usiku dhahabu ilikuwa imeonekana chini ya jiko langu. Shemeji yangu wa Mugumu, kule Serengeti, akapiga simu kunipongeza. "Wewe umepata watu wa kupima," alisema. "Huku tembo wanatubomolea ghala bila kibali, na kifuta jasho tunakingoja mpaka jasho linakauka lenyewe."

Wiki mbili baadaye mtaa ulikuwa na misingi sita mipya, na mipapai iliyopandwa hadi kwenye mtaro. Sikuwa na nguvu tena ya kubishana. Nilimngoja tu mkaguzi arudi kuhakiki, aone mwenyewe kwamba angalau nyumba moja inafuata mchoro.

Alikuja Jumanne. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniuliza kwa upole kama na hawa wote wameomba kibali. Nikamwambia twende tu kwangu. Tulipoingia uani akasimama ghafla. Ndani ya mistari ya chokaa, pale pale Noah ilipotakiwa kulala, kulikuwa na migomba 12 iliyopangwa kwa mstari, udongo wake bado mbichi.

Mama alikuwa mlangoni, jembe mkononi.

"Baba," aliniambia kwa sauti ya chini, "wewe usijibu kitu. Mwambie ina miaka mitatu."