Namna ya Kuchagua Mchepuo wa Biashara Ukiwa Umekalia Gunia la Mpunga Kihurio

Mdogo wangu, matokeo ya kidato cha sita yametoka, umefaulu ECA, na jioni hii mama atatandika mkeka uani. Mjomba atapewa kiti chenye mgongo, baba mdogo atakaa pembeni yake, na shangazi wa Dar es Salaam atapigiwa simu iwekwe spika ili wote wamsikie. Mjomba atasema usome uhasibu, mhasibu halali njaa. Shangazi atasema ugavi, kwa sababu jirani yake ni afisa ugavi na amejenga. Baba mdogo atasema benki, kwa sababu watu wa benki wanavaa tai hata jua la Kihurio likiwaka. Itikia wote kwa adabu: ndiyo mjomba, nimekusikia shangazi. Kisha omba siku tatu. Mwongozo huu ni wa siku hizo tatu.

Siku ya kwanza vaa nguo ambazo hutazionea huruma, uende mashine ya kukoboa mpunga. Fika kabla umeme haujaanza kusumbua. Tafuta gunia lililojaa, omba ruhusa ya mwenyewe, kaa juu yake. Ukiulizwa unafanya nini, sema unachagua chuo. Watacheka. Kaa hapo hapo.

Utaona gunia la mpunga la kilo 100 linamiminwa, na mashine ikiwa nzuri linatoka na mchele wa kilo 60 hivi, pengine 65. Chenga zinatengwa. Pumba inabaki chini ya mashine. Sasa nataka uliangalie lile rundo la pumba kwa makini kuliko mchele, kwa sababu hapo ndipo mimi nilipoona uhasibu kwa macho yangu, miaka mingi baada ya kuufanyia mtihani.

Palikuwa na mama mmoja mwenye kaunta buku lililofungwa kwa kipande cha kanga. Ukurasa wake ulikuwa na safu nne zilizopigwa kwa rula: jina, kilo za mpunga, kilo za mchele, na safu ya mwisho tupu. Nikamuuliza ile tupu ni ya nini. Akasema, "Pumba. Zamani ilikuwa takataka, mwenye mashine alikuwa akituomba tuiondoe. Siku hizi wafuga kuku na nguruwe wanainunua, na hakuna aliyetuambia imekuwa ya mwenye mashine." Alikuwa ameiacha safu ile wazi kwa misimu miwili, akingoja siku watakapokubaliana aanze kuijaza. Huyo mama hajakanyaga chuo, na amekwisha kufika kwenye kiini cha somo: kitu kikianza kuwa na thamani, lazima kiandikwe ni cha nani. Ukiona ile safu tupu inakukera, unaishika kalamu vidole vikiwasha, nenda kasome uhasibu bila kumwuliza mtu. Ukiona inakuchosha, mkatalie mjomba kwa upole, maana ndiyo utakayoitazama miaka thelathini na tano.

Ujue pia kwamba shahada ya uhasibu peke yake haikufanyi mhasibu. Mbele yake ipo mitihani ya Mei na Novemba ya NBAA, bodi ya wahasibu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na wapo watu wenye akili timamu waliorudia karatasi moja mara nne kabla ya kuandikwa CPA. Mwambie mjomba hivyo pia, ili asije akashangaa ukimaliza chuo na bado unasoma usiku.

Na watani wetu Wachaga wakikucheka kwamba Mpare huhesabu hata punje, usione haya. Mwaka 1945 maelfu ya watu wa milima hii waliteremka wakakusanyika Same kuikataa kodi ya mbiru, kodi iliyotaka mali ya kila mtu ikadiriwe kisha atozwe kwa kadiri yake. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya ukadiriaji wenyewe: nani anakuhesabia mali, kwa kipimo gani, na wewe una njia gani ya kumpinga. Walikaa pale kwa subira ndefu, na mwishowe kodi ile ikaondolewa. Ukisoma ukaguzi wa hesabu utakuta maswali yaleyale yamevaa majina mapya. Isaria Kimambo, mwanahistoria wa kwetu, aliyaandika hayo; tafuta kitabu chake.

Siku ya pili bado uko mashineni, lakini hama gunia. Kaa karibu na mchuuzi. Mwombe akuonyeshe hesabu yake; asipotaka, chukua hii yangu ya mfano uichore chini kwa kijiti. Amenunua kilo 100 za mpunga kwa shilingi 1,000 kila kilo: 100,000. Amekoboa kwa 10,000, akapata mchele kilo 62. Gunia na nauli ya mzigo hadi Same, 5,000. Ameuza kwa 2,000 kila kilo: 124,000. Faida 9,000. Vizuri. Ila ile 100,000 ya kuanzia aliikopa kikoba kwa riba ya asilimia tano kwa mwezi, na mchele ulikaa ghalani miezi miwili akingoja bei ipande. Riba 10,000. Amefanya kazi miezi miwili kwa hasara ya shilingi elfu moja, na vitabu vyake vya mauzo vinaonyesha amepata faida.

Hiyo elfu moja iliyopotea ndiyo fani ya fedha. Mhasibu anakuambia kilichotokea. Mtu wa fedha anakuambia kungoja kunagharimu kiasi gani. Watu huzichanganya fani hizi mbili kwa sababu vyuoni mara nyingi zimefungwa kwenye shahada moja, nami nashauri kabisa usichague kati yake mpaka umepiga hesabu kama hii mara kumi na kujua ni mstari gani ulikufanya uinue kichwa. Kama uliinua kichwa kwenye riba, basi baba mdogo na tai yake wamekaribia kupatia, ingawa sababu yao haikuwa hiyo.

Masoko nitayapitia haraka. Mtazame mnunuzi anavyochota mchele kiganjani, anaupuliza, anaunusa, kisha anataja bei ya juu kwa ule unaonukia. Ukijikuta unamtazama yeye zaidi ya mchele, unayo masoko ndani yako. Ila nenda ukijua kwamba kazi nyingi za kuanzia ni za kuuza mlango kwa mlango kwa malengo ya kila mwezi. Usikubali shahada ikufiche hilo.

Rasilimali watu, ambayo wengi wanaikimbilia wakidhani haina hesabu, utaiona shambani. Nenda alfajiri wakati mpunga umeanza kutia maziwa, ukawatazame vijana wanaoamia ndege. Kwelea kwelea hawana Jumapili. Kijana akipitiwa na usingizi saa moja, kundi moja linashuka na mavuno ya jaruba yanapungua mbele ya macho yako. Mwenye shamba mmoja huwapa uji wa moto saa kumi na mbili, anawalipa kila Jumamosi, na wale wale humrudia kila msimu. Mwingine analipa zaidi kidogo, lakini baada ya mavuno, akikumbuka. Kila mwaka anatafuta wapya katikati ya msimu. Hapo pana mikataba, malipo, motisha na nidhamu, na pana hesabu pia: bei ya uji dhidi ya bei ya mpunga ulioliwa. Chagua fani hii kama unaipenda haki ya mtu anayefanya kazi. Ukiichagua kwa kukimbia namba, itakukuta nazo kwenye orodha ya mishahara.

Ukiwa huko huko shambani, tazama upande wa mbuga. Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu 1951, na mwaka 2008 ikawa hifadhi ya taifa. Tembo hawakusoma tangazo. Ukanda huu wa tambarare, shamba linaweza kulala zima likaamka limekanyagwa, na kifuta jasho cha serikali, kama jina lake lisemavyo, hakilipi mavuno. Naliweka hili hapa kwa sababu sijawahi kusikia mzazi wa Kihurio akimwambia mtoto akasome bima, wakati Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kinafundisha bima na usimamizi wa vihatarishi, na wakati hakuna watu wanaojua maana ya hatari kuliko sisi. Mkulima anayelala shambani akipiga debe ameshalipa malipo ya bima, kwa usingizi wake. Kijana wa hapa atakayeitengeneza bima inayomfaa mkulima huyo atakuwa amefanya kazi ambayo wenye madawati mazuri mjini hawajaimaliza.

Sasa shangazi na ugavi wake. Ugavi ni kazi ya heshima. Muulize mwenye mashine anavyonunua magunia, vipuri na mafuta, na kwa nini mwaka aliochelewa kununua magunia alilia, utaiona. Lakini kuna wanaoisifu kwa kunong'ona, wakikonyeza jicho, wakitaja asilimia kumi. Mtu akikusifia fani kwa namna hiyo, mwambie wazi, hata kama ni mkubwa kwako, kwamba asilimia kumi ile inatoka kwenye dawa za zahanati na madawati ya shule, pengine hii hii uliyosoma. Zabuni za serikali sasa zinapitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, na bodi ya wanataaluma wa ununuzi na ugavi, PSPTB, ina mitihani yake. Nenda ugavi kama unaona raha ya kitu kufika mahali pake, kwa wakati, kwa bei ya haki. Kwa sababu nyingine yoyote, baki nyumbani.

Siku ya tatu kaa na baba na mama peke yao, mzungumze pesa. Hapa mimi mwenyewe niliumia. Nilichagua mchepuo kwa jina lake zuri, nikakopa Bodi ya Mikopo, nikamaliza, nikapata ajira yangu ya kwanza kwenye ofisi ambayo sitaitaja, na mshahara wa kwanza ukaja umekatwa asilimia 15 ya mkopo. Sheria inasema hivyo na deni nililikopa mwenyewe. Kilichoniuma ni kwamba nyumbani hakuna aliyejua, wala mimi, na mama alikuwa amekwisha kuahidi bati. Kwa hiyo pigeni hesabu ya mkopo, ya chumba na ya nauli kabla ya kujaza chochote. Halafu angalieni vyuo vya karibu. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kilianza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963, kikawa chuo kikuu 2014, na kinafundisha uhasibu, ugavi, fedha ndogo ndogo na ushirika wenyewe. Kwa watu ambao kahawa ya milimani ilipita mikononi mwa chama cha ushirika cha Vuasu, ushirika si somo la wasiopata pengine pa kwenda. Mzumbe ipo, Dar es Salaam ipo, CBE ipo. Maombi yanatumwa moja kwa moja chuoni, kwa madirisha yanayotangazwa na TCU, na dirisha halingojei kikao cha pili cha ukoo.

Jioni rudi kwenye mkeka. Usianze na jina la shahada. Anza na pumba, au riba, au uji wa waamiaji, lile lililokushika. Mweleze mjomba ulichoona na nani alikuwa akifanya nini. Akiuliza, "Sasa hiyo inaitwaje huko chuoni?" mtajie jina. Akinyamaza, mmiminie chai kwanza, kisha mwonyeshe ukurasa wako wenye safu nne, umwulize yeye, aliyekoboa mpunga mashine ile ile tangu ujana wake, safu ya mwisho ijazwe kwa jina la nani.