Dakika Ishirini za Kwenda Unguja

Anayesema kwamba Dar es Salaam hadi Unguja kwa ndege ni dakika 20 hadanganyi. Anatoa tu hesabu ya rubani. Kati ya uwanja wa Julius Nyerere na ule wa Abeid Amani Karume, kwa mstari ulionyooka, ni kilometa 73 hivi. Jeti iliyoshika mwendo wa kilometa 800 kwa saa ingezimaliza kwa dakika tano na ushei. Haipati nafasi ya kuushika: ndiyo kwanza imepanda, mara inaanza kushuka, na abiria aliyesinzia anagutuka kukuta ndoto yake imeachwa baharini. Ikiwa hata angani umbali hauamui muda, huko chini utaamua nini? Mimi ninashikilia kwamba kilometa za uwanja hadi uwanja ni safari ya ndege, na binadamu anastahili kuhesabiwa mlango hadi mlango.

Chukua mkazi wa Kunduchi. Weka rula kwenye ramani kati ya viwanja hivyo viwili, na mstari utapita jirani na bati lake. Theluthi moja ya safari ameshaimaliza kwa kupanga chumba huko tu. Lakini ndege haishushi wala haipakii Kunduchi, basi inambidi aipe Unguja kisogo, ashuke kusini kwa foleni za Mwenge na Ubungo, apite Tazara, ambako hata daraja la juu lililofunguliwa mwaka 2018 halijafuta foleni yote, kisha arushwe kurudi kaskazini alikotoka, pengine juu ya kamba yake mwenyewe ya nguo. Tukiwa wakarimu, barabarani tumpe saa moja na nusu. Saa nyingine ni ya kuwahi, kukaguliwa na kusubiri, mkono mmoja umeshika suruali isiyo na mkanda, wa pili unatafuta kitambulisho. Ongeza begi na teksi kule Kisauni, uliko uwanja wa Unguja, nusu saa. Dakika 20 zimezaa saa tatu na dakika 20, na bado hajafika Darajani.

Watetezi wa ndege watasema boti nayo ina foleni yake, huchukua karibu saa mbili majini, na msimu wa kusi humgeuza mtu mzima akaongea na mfuko wa plastiki. Kweli tupu, tumbo nalo lina haki ya kupiga kura. Ila boti inaondokea katikati ya jiji, karibu na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na inakushusha Malindi, Mji Mkongwe ukiwa mbele ya pua yako. Watasema tena kwamba mtu wa Kipawa, jirani na uwanja wa Dar es Salaam, au aliyetua kutoka Mwanza na tayari yumo uwanjani, akipanda boti atakuwa amerogwa. Nakubali, na ushahidi huo naupokea upande wangu: kilichomnufaisha ni mahali alipokuwa, wala si kasi ya injini. Ndege ikiongezewa kasi maradufu, yule wa Kunduchi ataokoa dakika kumi, tena kwa kubahatisha, na hizo atazimaliza zote na dereva teksi wa Kisauni kabla hawajafika kwenye bei ya pili.